Mstari Mmoja Ndani ya Mswada: Namna ya Kuitetea Bungeni Sheria Inayomlinda Mkopaji

Nilikuwa karani wa mikopo benki, hapa Mombasa, miaka 26 kabla ya kustaafu. Sasa mimi ni katibu wa chama cha wanawake 18 wanaouza katika soko la Marikiti: viungo, nazi, mboga, samaki. Kila mwaka, mwezi wa Mei, tunakaa barazani kwangu baada ya sala ya alasiri tukausoma Mswada wa Fedha, ule wa serikali wa kubadilisha kodi. Wanaojua Kiingereza wanawafasiria wasiokijua. Birika la kahawa linakwisha, tunapika jingine.

Tulianza kufanya hivyo kwa sababu ya uchungu. Mwaka 2016 Bunge la Kenya lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Benki yaliyoletwa na Jude Njomo, mbunge wa Kiambu wakati huo. Rais Uhuru Kenyatta aliyatia saini mwezi Agosti, na kuanzia Septemba benki haikuruhusiwa kumtoza mkopaji riba inayozidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4. Kiwango cha Benki Kuu kikiwa 9, basi wewe unatozwa 13, hapo ndipo mwisho. Mwaka 2018 Wizara ya Fedha ilijaribu kukifuta kikomo hicho kupitia Mswada wa Fedha, wabunge wakakataa. Mwaka 2019 ikajaribu tena, wakakataa tena. Lakini safari hiyo Rais aliurudisha mswada akitaka kikomo kiondolewe, na kumpinga Rais kunahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233 kati ya 349. Tarehe 5 Novemba 2019 waliokuwamo ukumbini hawakutimia idadi hiyo. Siku mbili baadaye mswada ukatiwa saini na kikomo kikaenda.

Nilikuwa bado kazini. Nitasema kweli, kikomo kile kilikuwa na dosari zake: wafanyabiashara wadogo wengi waliokuja mezani kwangu walinyimwa mkopo kabisa, kwa kuwa benki iliona bei ile haiwafidii hatari ya kumkopesha mama asiye na hati ya nyumba. Mtu angeweza kubishana kwa haki pande zote mbili. Kilichoniuma ni kwamba wateja wangu wenyewe hawakubishana. Wengi wao walipata habari sheria ilipokwisha kufutwa, tena kwa redio.

Kwa hivyo haya ndiyo tunayoyafanya sisi, kama tulivyojifunza kwa kukosea.

Kwanza jua ulicho nacho

Huwezi kuitetea kinga usiyoijua. Zipo nyingi, ila nataja zile ambazo mkopaji wa kawaida anazigusa.

Kubwa kuliko zote kwangu ni kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu Mei 2007. Kinasema mkopo ukishakuwa mbovu, benki haiwezi kukudai zaidi ya mambo matatu: deni la msingi lililobaki siku mkopo ulipoharibika, riba isiyozidi deni hilo la msingi, na gharama za kulifuatilia. Basi. Mwanachama mwenzetu, nitamwita Bi Saumu, alikopa 200,000 za friza ya samaki. Akalipa vizuri mpaka zikabaki 120,000, kisha akaugua. Siku 90 zikapita bila malipo, mkopo ukahesabiwa mbovu. Alipopona akaletewa barua ya dalali inayodai 391,000. Tulikaa naye na kalamu: 120,000 za msingi, na riba haiwezi kuzidi 120,000 nyingine, jumla 240,000, kisha gharama za kufuatilia, ambazo benki inatakiwa kuzionyesha moja moja. Tukaandika barua ya ukurasa mmoja tukakitaja kifungu. Majibu yalikuja na hesabu mpya ya 258,000. Shilingi 133,000 zilikuwa zinamtoka mtu kwa sababu tu hakujua mistari michache ya sheria.

Nyingine ni kifungu cha 44 cha sheria hiyohiyo, kinachoizuia benki kupandisha ada zake bila idhini ya Waziri wa Fedha. Mabenki yalishikilia miaka mingi kwamba riba si ada. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba riba nayo imo. Kifungu hiki kiangalieni kwa macho mawili, maana kinga iliyopata nguvu mpya mahakamani ndiyo inayofuata kupigwa patasi bungeni.

Halafu mikopo ya simu. Kabla ya Desemba 2021 wakopeshaji wa apu walikuwa hawana msimamizi. Marekebisho ya Sheria ya Benki Kuu ya mwaka huo, na kanuni zilizotoka Machi 2022, zikawalazimisha kuchukua leseni Benki Kuu na kuwakataza kutisha, kutukana, na kuwapigia watu waliomo katika simu ya mdaiwa. Mwaka 2024 sheria nyingine ikawavuta chini ya usimamizi huo na wakopeshaji wengine wasiopokea amana. Vilevile, tangu 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 halipelekwi CRB, yaani ofisi zinazoweka kumbukumbu za wakopaji. Mwalimu wa madrasa ya wajukuu zangu aliwahi kupigiwa simu saa tano usiku kuambiwa mama wa mwanafunzi wake ni mwizi. Deni lilikuwa 2,300. Sasa ukifanyiwa hivyo unaweza kumshtaki mkopeshaji kwa Kamishna wa Kulinda Data, na kisheria malalamiko yako yanatakiwa yamalizwe ndani ya siku 90. Wakopeshaji wameshatozwa faini za mamilioni kwa makosa haya. Kama unadai fidia isiyozidi milioni moja, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaweza kujisemea bila wakili.

Kuutafuta mstari

Sheria ya kumlinda mlaji haifutwi kwa mswada unaoitwa Mswada wa Kumwumiza Mlaji. Inafutwa kwa mstari mmoja ndani ya Mswada wa Fedha, au ndani ya mswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali, ambamo kodi ya pikipiki, leseni za kampuni na riba ya mkopo wako vimekaa pamoja kama mzigo wa mitumba. Ndiyo maana kichwa cha mswada hakitoshi.

Mswada unapatikana bure katika tovuti ya Bunge. Ukiupata, usianze ukurasa wa kwanza. Nenda mwisho, pale wanapoeleza madhumuni na sababu. Pameandikwa kwa lugha nyepesi kidogo na hutaja kila kifungu kwa ufupi. Katika miswada mingi, baada ya maelezo hayo, huchapishwa tena vifungu vya sheria ya zamani vinavyotaka kuguswa. Kurasa hizo ndizo dhahabu. Unaweka ya zamani huku na mpya kule, unasoma mstari kwa mstari kama anayelinganisha risiti na daftari la duka.

Kama unasomea kwenye simu, tafuta neno “repealed”, kisha “deleting”. Hayo ndiyo maneno ya kufuta. Kila yanapotokea, uliza: kinachofutwa kilikuwa kinamlinda nani? Halafu tafuta “Banking Act”, “Central Bank of Kenya Act”, “Data Protection Act”, “Consumer Protection Act”. Usiidharau hata sheria ya ushuru. Mwaka 2025 Mswada wa Fedha ulitaka kuondoa kinga iliyoizuia Mamlaka ya Ushuru kudai data za siri za wateja kutoka kwa wafanyabiashara. Ilikuwa imelala katika kipengele kidogo cha sheria ya taratibu za ushuru. Watu wengi wakaipinga kwa maandishi na kwa mdomo, na Kamati ya Fedha ikapendekeza iondolewe. Mfano huu nimeubandika kwenye faili la chama, ili mtu asiniambie hawasikii.

Kuandika maoni

Ibara ya 118 ya Katiba inalilazimisha Bunge kuushirikisha umma. Mswada ukishasomwa mara ya kwanza na kupelekwa kwa kamati, tangazo hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Bunge likisema maoni yaletwe kufikia siku fulani, mara nyingi saa kumi na moja jioni. Muda huwa mfupi. Ukingoja kusikia habari mtaani umeshachelewa, kwa hivyo mtu mmoja katika kikundi chenu apewe kazi hiyo tu, kutazama tangazo. Kwetu ni binti wa Bi Saumu, yupo chuo.

Maoni yanaandikwa kwa Karani wa Bunge la Taifa, S.L.P. 41842-00100, Nairobi, au kwa baruapepe cna@parliament.go.ke. Ukiweza kuyafikisha kwa mkono, nenda na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo.

Mara ya kwanza tuliandika kurasa sita. Tulieleza hali ya maisha, bei ya unga, jinsi wanawake wanavyoteseka. Yote yalikuwa kweli, na sidhani yalimsaidia mtu yeyote, maana hatukutaja kifungu hata kimoja. Kamati inapitia mswada kifungu kwa kifungu. Maoni yasiyo na namba hayana pa kuwekwa. Siku hizi tunaandika hivi (huu ni mfano, namba ya kifungu cha Mswada ni ya kubuni):

“Sisi ni chama cha wanawake 18, wafanyabiashara wa soko, Kaunti ya Mombasa. Tunapinga kifungu cha 31 cha Mswada, kinachotaka kufuta kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki. Tunaomba kifungu hicho cha 31 kiondolewe chote. Sababu: mwanachama wetu mmoja alidaiwa 391,000 kwa deni la msingi la 120,000. Kwa kutumia kifungu cha 44A deni lilirekebishwa kuwa 258,000. Kifungu kikifutwa, hakutakuwa na kikomo cha riba juu ya mkopo mbovu. Kama Kamati inaona ni lazima kifungu kibadilishwe, tunaomba angalau maneno yanayozuia riba kuzidi deni la msingi yabaki. Tumeambatisha nakala za barua mbili, majina yamefichwa.”

Angalia mambo machache hapo. Katika Kiswahili tunasema “kifungu” kwa sehemu ya mswada na kwa sehemu ya sheria iliyopo, na msomaji anaweza kuchanganyikiwa. Kwa hivyo kila mara andika kifungu cha nani: cha Mswada au cha Sheria. Pili, kuna ombi la kwanza na ombi la pili. Wabunge wakishindwa kukupa lote, wawe na kitu kingine cha kukushikia. Hilo nililijifunza mezani pa mikopo: anayekuja na ombi moja tu hujibiwa ndiyo au la, na la ni rahisi kuitamka. Tatu, hesabu. Hesabu ya mtu mmoja, yenye karatasi, ina uzito kuliko kusema “wananchi wengi wanaumia”. Na ficheni majina na namba za akaunti kabla ya kuambatisha chochote, maana karatasi zikishaingia Bungeni zinakuwa za umma.

Kuhusu lugha. Mpwa wangu, anayefanya kazi ya uhasibu, aliniambia, “Shangazi, ukiandika kwa Kiswahili wataiweka kando.” Nikamwonyesha Ibara ya 7 ya Katiba: Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tunaandika kwa Kiswahili, ila jina la sheria na namba ya kifungu tunaziandika pia kama zilivyochapishwa katika mswada, ili karani wa kamati asipoteze dakika akitafuta. Mpwa wangu ndiye anayezihakiki hesabu zetu sasa.

Ukiitwa kusema

Kamati huweza kuwaita walioandika, au kusafiri hadi kaunti. Nenda, hata kama umeshaandika. Dakika ni chache, huenda tatu, na wasemaji ni wengi. Usisome maoni yote. Taja wewe ni nani, namba ya kifungu cha Mswada, unachotaka, na kisa kimoja. Katika kikao nilichoingia mara ya kwanza, mzee mmoja kabla yangu alitumia dakika zake zote kuwasalimu wageni wa heshima mmoja mmoja kwa vyeo vyao. Alikuwa na jambo zuri sana kuhusu ada za mikopo ya ushirika. Alinieleza nje, tukiwa tunangoja matatu. Kamati haikulisikia. Salamu moja inatosha: “Mheshimiwa Mwenyekiti na Kamati yako, asalaam aleikum,” kisha uingie kwenye kifungu.

Ukiulizwa swali usilolijua, sema utaleta jibu kwa maandishi, halafu lilete kesho yake. Mimi niliulizwa kama kulinda wadaiwa hakuwafanyi wakopeshaji wawanyime maskini mikopo. Ni swali la haki, na kwa kikomo cha riba cha 2016 nimeshaliona likitokea. Nikajibu kwamba kifungu cha 44A hakipangi bei ya mkopo. Kinaweka mwisho wa riba baada ya mkopo kuharibika, na benki ziliendelea kukopesha miaka yote chini yake. Jiandae kwa swali hilo. Atakayetaka kufuta kinga yako atakuja nalo, na mara nyingine atakuwa na hoja. Mpe haki yake pale anapostahili, kisha rudi kwenye kifungu chako.

Siku ya kura

Hapa ndipo wengi tunapoachia kamba. Kamati ikishatoa ripoti, isome: huwa inawataja walioleta maoni na inaeleza kwa nini imekubali au imekataa. Ikikataa ombi lako, sababu yake iko hapo, na hiyo ndiyo utakayoijibu kwa mbunge wako kabla ya kusomwa mara ya pili na kabla ya Kamati ya Bunge zima, ambako marekebisho bado yanaweza kuletwa. Siku hizi Mswada wa Fedha hupitishwa kabla ya Juni 30, kwa hiyo Juni yote ni mwezi wa simu.

Tunampigia mbunge wetu, na mwakilishi wa wanawake wa kaunti, maana naye ni mbunge kamili na kura yake ni ileile. Tunauliza maswali mawili tu: utakuwapo ukumbini siku ya kura, na utapiga kura ipi kwa kifungu fulani? Swali la kwanza ndilo kubwa. Mwaka 2019 wabunge walikuwa wamekikataa kifungu kile mara mbili; waliokiangusha kikomo mwishoni ni viti vitupu. Tukipata jibu tunaliandika na tarehe, na tunamwambia kwamba tumeliandika. Kumbukumbu za mijadala, Hansard, hutoka baadaye kwenye tovuti, tunalinganisha.

Mswada ukirudishwa na Rais, kazi huanza upya na siku huwa chache mno. Msirudi kwenye kamati na kurasa mpya. Pigeni simu.

Pasipokuwa na mswada

Wakati mwingine hakuna anayefuta kitu, ila kuna tundu. Hapo kuna Ibara ya 119: kila mtu ana haki ya kupeleka ombi Bungeni ili sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe. Wazee wetu wa Pwani waliita arzihali. Kanuni za Kudumu za Bunge zinakubali iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kwa mashine, kwa lugha ya heshima, bila kufutwafutwa. Kama ina karatasi zaidi ya moja, kila karatasi itaje jambo linalohusika. Useme kama umeshajaribu kwa ofisi nyingine na ukajibiwa nini. Useme kwamba jambo hilo haliko mahakamani. Umalizie kwa kueleza hasa unachoomba. Ombi hupelekwa kwa Karani, au kupitia mbunge.

Ya kwetu tumeianza mwezi uliopita. Inahusu barua za madai: tunataka kila barua ya dalali ilazimishwe kuonyesha, kwa lugha anayoijua mdaiwa, deni la msingi lilikuwa kiasi gani siku mkopo ulipoharibika. Bi Saumu angekuwa na namba hiyo tangu mwanzo, asingekesha usiku kucha kwa wasiwasi.

Kila anayeunga mkono aandike jina kamili, anwani, namba ya kitambulisho, na saini. Asiyejua kuandika anaweka alama ya dole gumba, na inahesabika sawasawa na saini ya profesa. Katika wanawake wetu 18, wanne wataweka dole. Kwa hiyo mkienda sokoni kukusanya, bebeni padi ya wino, kitambaa cha kuwafutia vidole, na nendeni asubuhi kabla hawajaanza kushika samaki.